Namna ya kununua gari la umeme ambalo programu yake bado iko jikoni

Kazi yangu ni kupima programu kabla hazijafika kwa wateja. Nimekaa kwenye vikao vingi ambamo mtu wa mauzo anauliza, "Kipengele hiki kinatoka lini?" na mhandisi, ili mradi kikao kiishe, anajibu, "Robo ya tatu." Kesho yake robo ya tatu imeshaingia kwenye tangazo. Ndiyo maana ndugu na marafiki wakitaka kununua gari jipya la umeme hunibeba niende nao. Kwa magari fundi ananishinda mbali, ila tarehe za namna hiyo najua zinakozaliwa.

Magari ya toleo la kwanza si mabaya. Mengi yana betri nzuri, yanatulia barabarani, na bei yake hupangwa kuwavuta wateja wa mwanzo. Shida iko kwenye mifumo ya kumsaidia dereva: kushika leni, kufuata gari la mbele kwa mwendo wake, kubadili leni, kuegesha lenyewe, kufunga breki za dharura. Gari linatoka kiwandani na kamera, rada na kompyuta yake. Programu inafuata baadaye kwa intaneti, au haifuati. Ushauri wangu ni huu: lipia gari jinsi lilivyo siku unayokabidhiwa ufunguo. Kinachoahidiwa kihesabu sifuri. Kikija, umepata nyongeza.

Kitu kimoja cha kuweka sawa mapema. Karibu kila mfumo unaouzwa leo kwa majina makubwa makubwa uko daraja la 2 katika kipimo cha J3016 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kinachoanzia 0 hadi 5. Daraja la 2 maana yake gari linashika usukani na mwendo, lakini dereva ni wewe, macho barabarani muda wote, na likigonga, umegonga wewe. Daraja la 3, ambapo mtengenezaji anakubali gari liendeshe na wewe utazame kwingine kwa muda, ni magari machache mno yaliyowahi kuruhusiwa. Mercedes-Benz ilianza kuuza Drive Pilot Ujerumani Mei 2022, kwa barabara kuu tu, na mwanzoni haikuvuka kilomita 60 kwa saa. Muuzaji akikwambia gari lake "linajiendesha", muulize ni daraja la ngapi kwenye hati. Akibabaika, umeshapata jibu.

Gawanya vipengele mafungu matatu

Chukua orodha ya vipengele vya gari unalolitaka, uwe na kalamu. Kila kipengele kitie kwenye fungu moja: kinafanya kazi leo kwenye gari hili hili, vifaa vipo ila programu haijafika, au vifaa vyenyewe havipo. Muuzaji huchanganya fungu la pili na la tatu, wala si lazima awe anadanganya. Mara nyingi naye hajui.

Fungu la pili ndilo lenye mtego, kwa sababu kifaa kuwepo si sawa na kutosha. Oktoba 2016 Tesla ilitangaza kwamba magari yake yote mapya yana vifaa vyote vya kujiendesha kikamilifu, ikaanza kuuza kifurushi cha Full Self-Driving wakati programu yenyewe haipo. Mwaka 2019 ikaleta kompyuta nyingine, na walionunua kifurushi wakawa na haki ya kubadilishiwa ile ya zamani. Januari 2025 Elon Musk akakiri kwamba hata hiyo ya 2019 itabidi ibadilishwe kwa walionunua kifurushi. Au tazama Volvo EX90, iliyoanza kuwafikia wateja 2024 ikiwa na lida, yaani kifaa kinachopima umbali kwa miali ya leza, juu ya kioo cha mbele lakini haijawashwa. Mwaka uliofuata kampuni ikaahidi kuwabadilishia wenye magari hayo kompyuta bila malipo, kisha ikaacha kabisa kuweka lida kwenye magari mapya. Mwenye gari alikuwa akionyesha wageni kile kibanda juu ya kioo, kumbe kilichohitaji kubadilishwa ni kompyuta asiyoiona.

Kwa hiyo usihangaike kuuliza gari lina kamera ngapi. Uliza kompyuta yake ni ya kizazi gani, kuna kizazi kingine kinachokuja mwaka huu, na hii ikionekana haitoshi nani atalipia mpya. Swali la mwisho lijibiwe kwa maandishi.

Fungu la tatu unaweza kulikagua kwa mkono. Pita kwenye bampa, mbele na nyuma, ukipapasa. Sensa za kuegesha ni vidude vya duara, vidogo, vimepakwa rangi ya gari, na kidole kinaviona kabla ya jicho. Oktoba 2022 Tesla ilianza kuviondoa ikasema kamera zitafanya kazi hiyo, na magari yakakabidhiwa kwa muda bila msaada wa kuegesha. Onyo la umbali lilirudi 2023. Kuegesha lenyewe kulirudi 2024. Mwaka mmoja kabla, Mei 2021, ilikuwa imeondoa rada kwenye Model 3 na Model Y za Amerika Kaskazini, na magari ya wiki hizo yakatoka na mwendo wa juu wa kushika leni uliopunguzwa hadi maili 75 kwa saa. Jirani zako wawili wanaweza kuwa na gari la jina moja na mwaka mmoja, lakini si gari moja. Kwa hiyo anachokusimulia mwenye gari kama lako hakitoshi kuwa ushahidi. Dai tarehe ya kutengenezwa na toleo la programu la gari utakaloondoka nalo.

Breki za dharura hazisubiri sasisho

Starehe inaweza kuchelewa. Gari likikosa kujiegesha kwa miezi sita utaliegesha mwenyewe kama ulivyozoea. Breki za dharura, onyo la kugonga mbele, onyo la gari lililo pembeni usikoliona, na onyo la kutoka kwenye leni ni habari nyingine. Vikikosekana siku ya kukabidhiwa, mimi nasema ondoka, hata bei ikiwa tamu vipi. Usidhani haiwezekani: yale magari ya Tesla ya mwishoni mwa 2016 yalitoka bila breki za dharura zinazojifunga zenyewe, wakati toleo lililotangulia lilikuwa nazo. Wateja walienda mahakamani, na katika makubaliano ya 2018 fidia ya kucheleweshewa vipengele ilikuwa kati ya dola 20 na 280 kwa mtu, ilhali kifurushi chenyewe waliuziwa dola 5,000.

Kaa ndani, fungua menyu

Kabla ya kuwasha chochote, omba kukaa kwenye kiti cha dereva peke yako kwa dakika kumi. Fungua ukurasa wa programu, piga picha namba ya toleo. Kisha ingia kwenye menyu ya msaada wa dereva ubonyeze kila swichi.

Nilipomsindikiza shemeji yangu, swichi ya kubadili leni ilikuwa ya kijivu. Nikaibonyeza, yakatokea maandishi: "Kipengele hiki kitapatikana baadaye."

"Hii vipi, kaka?" nikamuuliza kijana wa mauzo.

"Hiyo inakuja na apdeti, dada. Gari litaipokea lenyewe, hata hamtajua."

"Imeandikwa wapi?"

Akatoa brosha, karatasi nzito yenye picha ya mwanamke anayecheka huku kaachia usukani. Pembeni ya jina la kipengele kulikuwa na kinyota. Tukakifuata kile kinyota hadi chini kabisa, kwenye maandishi ambayo shemeji alilazimika kuvaa miwani kuyasoma: upatikanaji hutegemea soko na toleo la programu, na unaweza kubadilika bila taarifa. Yule kijana alisoma pamoja nasi, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. Kifurushi kile kikatolewa kwenye bei, gari likanunuliwa bila hicho. Shemeji analiendesha mpaka leo na hana kinyongo.

Angalia pia jinsi gari linavyojua kama uko makini. Mengine hupima nguvu ya mkono kwenye usukani, mengine yana usukani unaohisi mguso, mengine yana kamera inayotazama macho yako. Ya kwanza ndiyo rahisi zaidi kudanganywa na ndiyo inayokera, maana hukuamuru utikise usukani hata ukiwa umeushika vizuri. IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, ilipopima ulinzi wa namna hii Machi 2024, kati ya mifumo 14 mmoja tu ulipata alama ya kuridhisha na 11 ikapata alama duni. Hayo yalikuwa ya kampuni kubwa zenye majina. Toleo la kwanza la kampuni changa lipime kwa jicho kali zaidi.

Barabarani

Hapa tumia muda mrefu kuliko kwingine kote. Mzunguko wa dakika kumi na tano alioupanga muuzaji hautoshi, na njia yake kaichagua kwa sababu gari linaipenda. Omba njia yako: barabara unayopita kila siku, na ikiwezekana saa ile unayoipita. Mimi hupenda kwenda mchana kisha kurudia jua linapozama, maana jua likiwa usawa wa kamera ndipo mifumo mingi ya kamera hukata tamaa.

Anza mchana, barabara kavu, gari la mbele liko mbali. Washa mfumo wa kufuata mwendo peke yake, bila kushika leni. Sikiliza mwili wako: gari la mbele likipunguza, lako linapunguza mapema kwa ulaini, au linangoja kisha linakandamiza? Mtu akichomeka mbele yako, linamwona akiwa bado anaingia au baada ya kuwa ameshakaa? Mifumo michanga huchelewa hapo, na abiria wa nyuma ndiye wa kwanza kulalamika, kwa hiyo nenda na abiria.

Kisha ongeza kushika leni. Tafuta sehemu tatu. Ya kwanza ni pale mistari ilipofutika au ilipochorwa upya juu ya ile ya zamani. Ya pili ni pale leni inapogawanyika, moja inatoka na nyingine inaendelea. Hapo mstari wa upande mmoja unakukimbia, leni inapanuka ghafla, na mfumo usiokomaa hutafuta katikati ya nafasi yote, yaani unaelekea moja kwa moja kwenye ncha ya kingo. Shika usukani kwa mikono miwili kabla hujafika, na ukiona unavuta, chukua gari mara moja; usingoje uone litafanyaje. Ya tatu ni kivuli kizito cha daraja au kilele cha mlima. Baadhi ya magari hufunga breki hapo bila sababu. Nyuma yako pawe pamefunguka unapojaribu.

Namna mfumo unavyokuachia kazi inaniambia zaidi ya namna unavyoendesha. Mzuri hupiga mlio, hukuandikia, hukupa nafasi, kisha huachia. Mbaya huzima kimya kimya: ile alama ya kijani ya usukani inageuka kijivu kwenye kona ya skrini, na wewe unagundua gari linapoanza kuelea kutoka kwenye leni. Nikiliona hilo mara moja huandika chini na kuuliza. Nikiliona mara ya pili katika safari ileile, namwambia mnunuzi asiinunue kazi hiyo hata kwa bei ya kutupa.

Usijaribu breki za dharura. Usiweke maboksi barabarani, usimsimamishe mtu, usiukimbilie ukuta. Mwongozo wa gari wenyewe utakueleza mwendo ambao breki hizo zinafanya kazi na vitu vinavyoweza kuzipita. Kimoja kinachowashangaza wengi: mifumo mingi ya rada, ukiwa na mwendo mkubwa, huweza kupuuza gari lililosimama. Sababu ni kwamba rada hupokea mwangwi wa kila kitu kisichotembea, vibao, reli za pembeni, madaraja, na kama ingevihofia vyote gari lingefunga breki kila baada ya mita mia. Hivyo wahandisi wakaifundisha kuvidharau. Lori lililoharibika kwenye leni yako nalo halitembei.

Maandishi na pesa

Kila ahadi itoke mdomoni iingie kwenye mkataba, ikiwa na jina la kipengele, tarehe ya mwisho, na kitakachotokea tarehe ikipita: kurudishiwa kiasi fulani, au haki ya kurudisha gari. Wauzaji wengi watakataa. Sawa, basi kataa kulipia kipengele hicho. Volkswagen ilionyesha 2020 kwamba inawezekana kusema ukweli mapema: walioagiza ID.3 ya mwanzo waliambiwa wachague, wachukue gari Septemba huku vipengele viwili vya kidijitali havijafunguliwa, au wasubiri robo ya mwisho ya mwaka. Mtu alijua anachokosa na mpaka lini. Dai angalau hicho.

Kama kuna malipo ya mwezi, anza nayo. Unajaribu mwezi mmoja, ukiona halijaiva unasitisha. Bei ya Full Self-Driving nchini Marekani ilipanda hadi dola 15,000 Septemba 2022, ikashuka hadi 8,000 Aprili 2024. Aliyenunua ile ya juu kwa kuogopa kwamba itapanda zaidi hakurudishiwa tofauti. Vilevile uliza kama kifurushi kinabaki kwenye gari ukiliuza au kinakufa na akaunti yako. Kwa gari la mtumba swali hili ni la lazima: nimeshaona tangazo linalotaja kipengele ambacho kilizimwa mara tu akaunti ya mwenye gari wa kwanza ilipofungwa.

Gari lililotengenezwa kwa soko moja na kuuzwa katika jingine lina mambo yake. Laini yake ya simu ya ndani huenda haipati mtandao, masasisho hayafiki, ramani za barabara zinazotegemewa na mfumo hazipo, na baadhi ya kazi zimefungwa kwa sheria za soko lile. Nchi nyingi zinafuata kanuni za Umoja wa Mataifa, kama ile namba 79 ya usukani, ambayo imewalazimu watengenezaji kubana kubadili leni kuliko wanavyofanya Marekani. Video uliyoiona ya gari likipinda kwenye makutano yenyewe inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila si ya gari utakalopata. Mwombe muuzaji aliunganishe gari na intaneti mbele yako na atafute sasisho. Likikataa hapo, litakataa na nyumbani.

Halafu kampuni yenyewe. Fisker ilianza kukabidhi Ocean 2023 bila hata mfumo wa kufuata gari la mbele, ikiahidi kuuleta kwa sasisho. Juni 2024 ikaomba kinga ya mufilisi, na wenye magari wakaunda chama chao kutafuta vipuri na programu. Ukiidai programu kampuni iliyokufa, hakuna tena wa kumdai. Mtengenezaji akiwa na modeli moja tu sokoni na habari za kutafuta wawekezaji kila mwezi, usimlipe senti ya kitu kisichowaka.

Ukishalichukua

Usiwe wa kwanza kupakua sasisho. Ngoja siku chache, soma wengine wamekumbana na nini, kisha pakua ukiwa umeegesha na huna safari. Kabla ya hapo piga picha mipangilio yako yote. Masasisho hupenda kuirudisha ilivyokuwa kiwandani, na unaweza kukuta onyo ulilolitegemea limezimwa. Baada ya sasisho rudia ile njia yako ya majaribio, pale kwenye mgawanyiko na kwenye kivuli. Sisi wapimaji tunajua kwamba kurekebisha kitu kimoja huvunja kingine kilichokuwa kizima, na gari halina kinga ya ugonjwa huo.

Sasisho linaweza pia kukunyang'anya. Desemba 2023 Tesla ilitoa wito wa marekebisho kwa magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani kuhusu Autopilot, mfumo wake wa kumsaidia dereva. Marekebisho yalikuja kwa intaneti, na kilichoongezwa ni maonyo na masharti kwa dereva. China, baada ya ajali ya Machi 2025 iliyoua watu watatu kwenye Xiaomi SU7, serikali iliwaita watengenezaji na kuwabana kuhusu matangazo na majaribio ya programu kwa wateja. Sheria ikibadilika, gari lako litabadilika usiku ukiwa umelala.

Kioo cha mbele kikipasuka, bima yako ilipie na kurekebisha kamera upya, si kioo peke yake. Ulizia hilo kabla ya kusaini bima. Na kila anayeliendesha nyumbani aonyeshwe jinsi ya kuzima mfumo kwa kidole na kwa mguu, hata kama anasema hatautumia.

Ukiona hitilafu, iandike papo hapo ukishasimama: saa, mahali, mwendo, hali ya hewa, toleo la programu, gari lilifanya nini. Tuma kwa muuzaji kwa njia inayobaki na kumbukumbu. "Gari linasumbua" huishia kwenye kapu. "Toleo fulani, saa 12 jioni, mwendo wa 90, mfumo ulizima bila mlio kwenye mgawanyiko" humfikia mhandisi, kwa sababu anaweza kulirudia tatizo hilo mwenyewe. Kama dhamana bado ina muda na tatizo linarudi, barua hizo ndizo zitakazokusaidia kudai.

Na kama roho yako imeshalipenda gari lakini orodha ya fungu la pili ni ndefu, uliza kama linakodishwa kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu badala ya kuuzwa. Kushuka kwa thamani pale kompyuta mpya itakapotangazwa kutakuwa shida ya aliyekukodisha. Soma tu kifungu cha kuvunja mkataba mapema, maana huko ndiko hujificha gharama.